Pasipoti kwenye kabati la bosi

Msichana wa Mombasa au Tanga anayekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani hushuka uwanja wa ndege akiwa na viza iliyofungwa kwa mtu mmoja: kafili wake. Ndio mfumo wa kafala. Anayemlipa mshahara ndiye anayemdhamini kuishi nchini, na wakikosana anaweza kuripoti kwamba ametoroka. Hapo aliyekimbia kipigo au mshahara wa miezi isiyolipwa anageuka mkosaji mbele ya polisi.

Mageuzi yapo, na si ya kubezwa. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine, na tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara huko ni riali 1,000 kwa mwezi, wafanyakazi wa ndani wakiwemo. Saudi Arabia ililegeza masharti mwezi huohuo, ila yaya na dereva wa nyumbani wakaachwa nje.

Tatizo sugu ni mlango. Mkaguzi wa kazi huingia kiwandani. Nyumbani kwa mtu ni nadra kubisha hodi. Huko ndani pasipoti hukaa kabatini kwa bosi ingawa sheria inakataza, na simu hutolewa kwa saa maalumu, kama hisani.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani mwaka 2011. Zaidi ya miaka kumi baadaye, hakuna nchi ya Ghuba iliyokuwa imeuridhia. Kenya, inayopeleka vijana wake huko, nayo ilikuwa bado.