Kamera Iliyojazwa Upepo

Wasikilizaji wetu wa Mkwiro, nanyi mlio Shimoni hadi Vanga, jioni hii nazungumzia kamera iliyojazwa upepo kwa pampu, kama gurudumu la baiskeli.

Iliitwa Aeroscope. Fundi wa Kipolandi, Kazimierz Prószyński, aliibuni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku hizo mpiga sinema alisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akazungusha mpini kwa mkono. Akizungusha polepole, watu kwenye picha walionekana wakikimbia. Prószyński akaweka hewa iliyoshindiliwa ndani ya kamera. Ukishaijaza, wabonyeza tu na ukanda unazunguka wenyewe. Mikono yote miwili inabaki kuishika kamera, hata ukilala nayo kifudifudi nyasini. Ndani kulikuwa na gurudumu zito lililokwenda kasi ili picha isitikisike. Kongole kwa fundi huyu! Alibuni hata kamera ndogo ya matumizi ya nyumbani, akaiita Oko, yaani jicho.

Aliyeipenda mno Aeroscope ni Cherry Kearton, Mwingereza mpiga picha za wanyama. Mwaka 1909 alikuwa Kenya, akimpiga sinema Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Mei 1915 batalioni yake, ya 25 ya Royal Fusiliers, ilishuka Mombasa, naye safari hii ni askari. Kikosini alikuwemo pia Frederick Selous, mwindaji aliyepita miaka 60, ambaye aliuawa Beho Beho, Tanganyika, tarehe 4 Januari 1917. Kearton alisalimika.

Lakini vita hivyo vilikuwa vimeshafika mlangoni kwetu. Ukitoka Mkwiro ukashika njia ya magharibi, wafika Vanga, na mbele kidogo tu ya mpaka ni Jasin. Hapo, Januari 1915, majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yaliwashinda Waingereza baada ya siku mbili za mapigano. Risasi na unga wa pande zote mbili vilibebwa vichwani na wapagazi. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi chao limebaki kwenye masoko: Kariakor Nairobi, Kariakoo Dar es Salaam.

Mimi ningepewa dakika kumi za ukanda wa kamera ile, nisingempa hata sekunde moja jenerali. Ningelala nayo kando ya njia nikapiga nyayo za wapagazi zikipita.

Prószyński mwenyewe vita vya pili vilimmaliza. Wajerumani walimkamata Warsaw mwaka 1944, akafia kambi ya Mauthausen Machi 1945.

Basi ndugu yangu wa Mkwiro, simu iliyo mfukoni mwako haihitaji pampu wala mpini. Usiku huu, baada ya isha, kaa na bibi au babu, muulize aliyoyasikia kwa wazazi wake kuhusu vita vile vya kwanza, na umrekodi kwa lahaja yake.