Maneno Yenyewe: Kiswahili cha Manukuu na Haki ya Kiziwi



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu manukuu, yaani maandishi yanayotokea chini ya picha za filamu au televisheni ili mtazamaji asome kinachosemwa. Huenda baadhi yenu mkadhani kwamba hilo ni jambo la mafundi mitambo. Nitajaribu kuonesha kwamba ni suala la isimu, na kwamba sisi wanaisimu wa Kiswahili tumelikwepa.

Naomba nianzie Sikonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa mji wa Tabora. Jioni moja niliketi katika banda la video mjini hapo, mahali ambapo vijana hupaita kibanda umiza. Filamu iliyooneshwa ilitengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na chini ya picha palikuwa na tafsiri ya Kiingereza. Kando yangu alikaa fundi cherehani, kijana kiziwi aliyemaliza darasa la saba na anayesoma Kiswahili bila taabu. Mume na mke wa filamuni walipoanza kurushiana maneno, kijana alitoa daftari lake la vipimo akaandika: "Wanasema nini?" Nami nikaandika: "Wanagombana." Alinitazama, kisha akalipigia mstari neno "nini". Kwamba wanagombana, alikwisha kuona mwenyewe. Alichokitaka ni maneno yenyewe. Nimefundisha isimu zaidi ya miaka 30, lakini jioni ile nililijibu swali la lugha kwa muhtasari.

2. Walio mkiani mwa msafara

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa makutano ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu walikuwa pia miongoni mwa waliokibeba Kiswahili na kukieneza bara. Lugha ilisafiri kwa mdomo na sikio. Hata hivyo, msafara ulikuwa mrefu, na mlio wa ngoma mbele haukuwafikia wote walio nyuma. Kwa hiyo penye njia panda ziliwekwa alama ardhini, kama vile matawi au mstari, ili wanaofuata wasipotee. Hakuna aliyelaumiwa kwa kutosikia ngoma; aliwekewa alama ya kuonekana kwa macho.

Tabora hiyohiyo ndipo Kanisa Katoliki lilipoanzisha shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Kazi hiyo imefanywa na haina budi kuheshimiwa.

Lakini tazameni yaliyotokea katika mabanda ya video. Filamu za Marekani, India na Hong Kong zilipatiwa wasimulizi, maarufu wao akiwa Lufufu, waliozieleza kwa Kiswahili ili mtazamaji asiyejua lugha hizo asiachwe nyuma. Filamu zetu wenyewe nazo zikaandikiwa Kiingereza kwa ajili ya mtazamaji wa mbali. Anayesikia akapewa sauti, mgeni akapewa maandishi, na kiziwi msomaji wa Kiswahili akabaki bila fungu.

3. Kiswahili katika mistari miwili

Hujivunia kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Fahari hiyo humsaidia mtoto anayesikia, kwa kuwa anaposoma "ba, be, bi" anakutana na sauti anazozijua. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana sauti hizo. Kwake lugha ya kwanza ni, au ingepaswa kuwa, Lugha ya Alama. Kiswahili hujifunza kwa macho, kama lugha ya pili. Kwa sababu hiyo manukuu hayawezi kuchukua nafasi ya mkalimani. Asiyejua kusoma bado anahitaji mikono ya mkalimani, tena katika nafasi kubwa ya kutosha kwenye kioo cha televisheni.

Kwa anayesoma, ugumu uko katika umbo la kitenzi. "Alinipiga", "alimpiga" na "alipigwa" hutofautiana kwa herufi chache, nazo ndizo zinazoeleza nani alitenda na nani alitendwa. Mwenye Lugha ya Alama aweza kulieleza hilo kwa mwelekeo wa mkono. Msomaji wa manukuu hana budi kulidaka kwa sekunde chache kabla mstari haujafutika. Neno letu moja hubeba mzigo wa sentensi nzima. Basi muda wa kusoma usikadiriwe kwa kuhesabu maneno kama ifanywavyo kwa Kiingereza.

Kiimbo nacho hupotea. "Amekuja" yaweza kuwa taarifa au swali, na sikio ndilo huamua. Katika manukuu alama ya kuuliza si pambo. Vivyo hivyo "barabara" ya magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa hutenganishwa na mkazo tu, ambao maandishi hayauoneshi. Mwandishi wa manukuu aangalie kama muktadha unatosha.

Mwisho ni suala la ufupisho. Nafasi ni finyu, na kwa kawaida mistari haizidi miwili. Mfupishaji asiye makini huanza kwa kufuta salamu. Lakini katika tamthilia zetu kijana akimpita mjomba wake bila "shikamoo", au mkwe akisalimiwa asiitikie "marahaba", kisa kimekwisha kuanza. Akifuta salamu, amemnyima kiziwi sababu ya ugomvi na kumwachia ugomvi mtupu.

4. Sheria na wajibu

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Ibara ya 30 ya Mkataba huo inataja waziwazi filamu na vipindi vya televisheni. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2003, ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa alama au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Sheria hutamka kwamba maandishi yawepo. Namna ya kuyaandika ni kazi yetu.

5. Hitimisho

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu za Kiswahili ziufanye uandishi wa manukuu kuwa zoezi la wanafunzi wa isimu na tafsiri, na viziwi wenyewe wawe miongoni mwa wasahihishaji. Pili, mtayarishaji aliyemudu kuandika Kiingereza chini ya picha akumbuke kwamba mazungumzo ya Kiswahili anayo tayari. Hayamhitaji mfasiri, yamhitaji mwandishi makini.

Fundi yule hakuomba kuhurumiwa. Aliuliza swali la lugha, kwa lugha yetu, kwa hati nzuri. Tunadaiwa jibu.