Kukimbia na Mbwa Kijana: Tuanze Lini?

Mazungumzo ya redio katika masomo ya watu wazima, yaliyosomwa na Afisa Elimu

Leo naweka kando kidogo masomo yetu ya hesabu za nyumbani ili nijibu barua moja. Imetoka kwa msikilizaji akaaye kando ya mji wa Moshi. Asema anaye mbwa dume wa miezi 7. Mama yake ni mbwa wa kienyeji, na baba yake ni wa Kijerumani, wale wanaotumiwa na polisi. Yeye mwenyewe ameambiwa na daktari afanye mazoezi kila siku kwa sababu ya shinikizo la damu. Basi auliza: je, naweza kukimbia naye? Na mwisho ameongeza maneno haya: "Nguvu anazo, kunishinda mimi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niichague barua hii, kwa kuwa nami niliyasema miaka mitano iliyopita, tena kwa majivuno.

Najua ya kuwa wako kati yetu wasiopenda kufuga mbwa, kwa ajili ya dini au kwa kutompenda tu. Nawaomba wasizime redio, maana karibu na mwisho nitasema neno juu ya kichaa cha mbwa, na jambo hilo halimchagui mwenye mbwa na asiye na mbwa.

Kwanza tutazame mfupa. Watu wengi hudhani mfupa hukua kama ukucha, kwa kusukumwa toka upande mmoja. Sivyo. Mfupa mrefu wa mguu hukulia karibu na ncha zake, katika tabaka jembamba la gegedu. Ukichinja kuku mchanga, utazame mwisho wa mfupa wa paja: utaona kitu cheupe, laini, ambacho kisu hukata bila taabu. Gegedu la namna hiyo ndilo linalozaa mfupa mpya, siku baada ya siku. Mnyama akishakomaa, tabaka lile hugeuka likawa mfupa mgumu, na urefu wake umekwisha. Kabla ya hapo, sehemu hiyo ni dhaifu kuliko hata kano zinazofunga kiungo. Kwa hiyo jambo ambalo mbwa mzima angepata kuteguka tu, mbwa kijana huweza kuumia pale pale mfupa unapokulia.

Basi nitawaeleza yaliyonipata. Nilikuwa na mbwa aitwaye Doria, wa damu mchanganyiko kama huyu wa msikilizaji wetu. Mimi nilizoea mchakamchaka tangu shule, na hata leo huamka saa 11 alfajiri. Doria alipofika miezi 5 nilimfunga kamba nikaenda naye, kilomita 4, barabara ya lami, kwenda na kurudi. Hakuonyesha kuchoka. Tukifika nyumbani alikuwa bado anarukaruka na kuwasumbua kuku. Nikawaambia majirani kwamba nimepata mbwa wa mbio.

Juma la tatu aliruka mtaro wa maji ya mvua akiwa ameshika mwendo, akatua kwa mkono mmoja. Alipiga kelele mara moja, akachechemea siku mbili, akapona. Nilimtazama nyayo nikitafuta mwiba, sikuona kitu. Nikasema ni jambo dogo. Baada ya mwezi mmoja na kitu, mke wangu ndiye aliyeniita uani. Akasema, "Baba, mtazame mbwa wako anavyosimama." Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda kwa nje, kiganja kimeelekea upande kama mtu anayeonyesha njia.

Daktari wa mifugo alinieleza hivi. Mkono wa mbwa una mifupa 2 iliyolala pamoja, kama mkono wako mwenyewe kati ya kiwiko na kiganja. Ule mfupa wa nyuma hupata sehemu kubwa ya urefu wake, kadiri ya 85 kwa 100, kutoka tabaka moja tu la gegedu lililoko karibu na kiganja. Tena tabaka hilo lina umbo la pia, limechongoka. Likipigwa haliwezi kuteleza pembeni, bali husagika. Tabaka lililosagika huacha kuzaa mfupa. Mfupa wa mbele nao haujui habari hiyo, waendelea kurefuka, lakini umefungwa na mwenzake uliosimama. Hapo hupinda, kama mti wa upinde ufungwapo uzi. Nilimwuliza kama picha ya eksirei siku ile ile ingeonyesha. Alijibu kwamba pigo la namna hiyo mara nyingi halionekani katika picha ya kwanza. Huonekana baada ya majuma kadhaa, mfupa unapokataa kukua.

Alipasuliwa. Gharama ilipita ada ya shule ya mwanangu ya muhula mzima. Doria yuko hai, analinda nyumba, anatembea vizuri, lakini asubuhi za baridi hukanyaga kwa tahadhari, na mimi nakimbia peke yangu.

Sasa turudi kwenye swali: lini? Hakuna mwezi mmoja ufaao mbwa wote. Kanuni ni kwamba mbwa mdogo hukomaa mapema na mbwa mkubwa huchelewa. Mbwa wadogo, wa chini ya kilo 10, wengi mifupa yao hufunga kati ya miezi 8 na 12. Wa wastani, ambao ndio mbwa wetu wengi wa kienyeji, ni kama mwaka mmoja. Mbwa wakubwa kama wale wa Kijerumani ni miezi 12 mpaka 18. Na yale majitu, mathalani Boerboel wa Afrika ya Kusini, yafaa kungoja miezi 18 hata 24. Mbwa aliyehasiwa akiwa mdogo huchelewa zaidi, kwa sababu vichocheo vya ubalehe ndivyo vinavyosaidia kuyafunga matabaka yale. Ukitaka kujua kwa hakika, daktari wa mifugo aweza kupiga picha ya eksirei akakuonyesha kama mstari mweusi ule umekwisha kupotea.

Mtaniuliza: je, afungwe tu mpaka atimize mwaka? Hasha! Mbwa kijana asiyetembea huharibika mwili na tabia pia. Nchini Norwe wataalamu waliwafuata watoto wa mbwa wa aina kubwa tangu kuzaliwa, na mwaka 2012 wakatangaza waliyoyaona juu ya ugonjwa wa nyonga iliyolegea. Watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi 3 walikuwa katika hatari zaidi; wale walioachwa wacheze wenyewe nje, penye ardhi laini isiyo tambarare kabisa, hatari yao ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba mtulie kidogo. Mtoto wa mbwa anapocheza uani hukimbia hatua 20, husimama, hunusa, hulala kivulini, huinuka tena akamfukuza kipepeo. Mwendo ni wake na pumziko ni lake. Lakini ukimfunga kamba ukakimbia naye, mwendo ni wako, na pumziko ni lako. Yeye atakufuata kwa mapenzi hata mguu ukimwuma, kwa kuwa mbwa hapendi kuachwa nyuma. Kwa hiyo ile hoja ya "nguvu anazo" haitufai. Nguvu ni ya moyo na misuli, mfupa haukuulizwa.

Iko kanuni moja wanayoitaja wafugaji wengi: dakika 5 za matembezi ya kamba kwa kila mwezi wa umri. Yaani mbwa wa miezi 4, dakika 20. Si sheria iliyothibitishwa na sayansi, lakini kwa mtu asiye na kipimo kingine si mbaya. Katika miezi hiyo mfundishe kazi nyingine: akae upande wako mmoja bila kukupita mbele ya miguu, asivute kamba, asimfukuze mwenye baiskeli wala bodaboda. Mbwa asiyejua hayo atakuangusha siku ya kwanza ya mbio, hata awe na mifupa ya chuma.

Juu ya chakula nitasema maneno machache. Ugali mtupu haujengi mfupa, na nyama tupu pia haijengi, kwa kuwa haina chokaa ya kutosha. Lakini kumwongezea mtoto wa mbwa mkubwa unga wa chokaa bila kipimo nako huharibu mifupa yake. Wala asinenepeshwe, maana kila kilo ya ziada huchukuliwa na magegedu yale yale. Na mbwa asikimbie mara baada ya kushiba. Wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa hewa na kujisokota, na hilo huua kwa saa chache.

Kabla ya kumtoa barabarani awe amekwisha kupata chanjo zake zote za utotoni, ambazo kwa kawaida humalizika akiwa na miezi 4 hivi, na ile ya kichaa cha mbwa tangu miezi 3, kisha irudiwe kama daktari atakavyoagiza. Mtu anayekimbia alfajiri hukutana na mbwa wasio na mwenyewe. Akiumwa, yeye au mtu yeyote, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Haya, mbwa amekomaa, amechanjwa, anajua kamba. Aanze namna gani? Aanze kama mgonjwa aliyetoka kitandani. Tembeeni dakika 5. Kisha matiti ya polepole dakika 1, mtembee dakika 2, na tena, mpaka zimetimia dakika 15. Mara 3 kwa juma, siku ya katikati ni ya kupumzika. Juma linalofuata ongeza kidogo tu. Chagueni njia ya vumbi au majani kuliko lami. Kesho yake asubuhi mtazame anapoinuka: akiinuka kwa ugumu, au akichechemea, mmezidisha. Akichechemea zaidi ya siku moja, mpeleke kwa daktari. Msifanye kama mimi nilivyofanya.

Na jua msilisahau. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Kimbieni kabla jua halijapanda. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami kwa kadiri ya sekunde 7; usipoweza kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi. Mbwa akihema kwa nguvu pasipo kutulia, ulimi ukawa mwekundu sana, akayumba, simamisheni kila kitu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwilini, mpepee, kisha daktari.

Ama wewe bwana wa Moshi, mbwa wako ana damu ya mbwa wakubwa, basi mhesabie miezi 15 tangu kuzaliwa, yaani bado 8, na kabla ya kuanza mpeleke kwa daktari wa mifugo amkague nyonga na viwiko. Lakini shinikizo lako la damu lisingoje miezi 8. Kimbia wewe asubuhi, kwa kadiri alivyokuambia daktari wako, naye mwache nyumbani. Ukirudi, mkiwa wote wawili mmekwisha kunywa maji, mchukue kwa kamba mtembee mpaka mtoni na kurudi, taratibu, umwache anuse kila kichaka.

Juma lijalo tutarudi kwenye hesabu zetu. Kwaherini.