Kuta Zisizo na Majina: Safari Yetu ya Suikerbosrand

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Johannesburg)



Nimeombwa nieleze habari za ile safari ya mlimani ambayo wengi wenu mmeisikia kwa vipande vipande, na kila aliyeisimulia ameongeza chumvi yake. Wako wanaosema kuwa tulilala porini. Hatukulala porini. Wako wanaosema kuwa nilimpoteza ami. Sikumpoteza, ila nusura nipoteze kitu kingine, na hicho ndicho nitakachokieleza jioni hii.

Yapata kilomita 50 kusini-mashariki ya mji huu, karibu na mji mdogo wa Heidelberg, iko safu ya vilima iitwayo Suikerbosrand. Jina hilo ni la Kiafrikana, na maana yake ni ukingo wa vichaka vya sukari. Vichaka hivyo ni protea, ambazo maua yake yana utamu kama wa asali. Kilele kirefu kuliko vyote, Toringkop, kina mita 1,917 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliozaliwa Kilwa, ambako bahari ndiyo kizingiti cha mlango, hatuna budi kuvuta pumzi mara mbili pale ambapo wenyeji huvuta mara moja.

Tulikwenda mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe. Aliyezoea pwani akisikia kipupwe hudhani ni mvua na tope. Hapa sivyo. Kipupwe cha nyanda hizi ni ukavu mtupu: hapadondoki tone la mvua, nyasi hugeuka rangi ya mkeka uliochakaa, vijito hukauka, na upepo hukausha midomo hata ikapasuka. Mchana jua huwaka kana kwamba uko jangwani, na usiku sakitu huanguka. Ni nchi ya kuheshimiwa.

Tulikuwa watu tisa: mimi, ami yangu mwenye umri wa miaka 71, vijana sita wa ukoo huu, na rafiki yangu mmoja wa kazini, Mtswana, ambaye alikuwa amekwisha kuifika hifadhi ile mara nyingi. Tulipanga kuanza kutembea saa 1 asubuhi. Lakini mnajua desturi yetu: chapati hazijaiva, chai haijatiwa kwenye chupa, fulani hajapitiwa huko Mayfair. Tulianza saa 3 na nusu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kiongozi.

Tulipita nyikani tukiwaona pofu na punda milia kwa mbali, na nyani wakitukemea kutoka majabalini. Baada ya muda tukafika kwenye kuta.

Wengi wetu tumeishi Johannesburg miaka mingi bila kujua kuwa kuta hizo zipo. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, jiwe juu ya jiwe. Zingine zimebomoka hata zikafika magotini, zingine zinamfika mtu kiunoni. Zimejengwa kwa mviringo: ua mkubwa kwa nje, na ndani yake mazizi ya ng'ombe. Pengine huonekana kuta mbili zikienda sambamba kama kichochoro. Hizo zilikuwa njia za kupitishia mifugo, ili isiingie mashamba ya watu.

Tangu miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wamekwisha kuyaona baadhi ya magofu ya nyanda hizi katika picha zilizopigwa kutoka angani. Lakini vichaka vilificha mengi. Katika miaka ya karibuni Profesa Karim Sadr wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alitumia miale ya leza inayorushwa kutoka kwenye ndege, ambayo hupenya kati ya majani na kuchora sura ya ardhi ilivyo. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa upande wa magharibi wa vilima vile hapakuwa na vijiji vilivyotawanyika bali mji mmoja, wenye kaya zipatazo 800. Mji huo huitwa Kweneng. Watu wa Kitswana waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 19, zilipokuja zile vita na misukosuko iliyowatawanya watu wengi wa nyanda hizi.

Vijana wetu waliposikia hayo walishangaa. Mmoja akauliza: "Mbona shuleni tuliambiwa hapa palikuwa patupu kabla ya dhahabu?" Sikuwa na haja ya kumjibu. Kuta zilimjibu.

Ami yangu naye alisimama kimya, akaupapasa ukuta kwa kiganja. Yeye utotoni alicheza katika magofu ya Kilwa Kisiwani. Anaujua ukuta wa Husuni Kubwa na nguzo za Msikiti Mkuu kama anavyoujua uwanja wa nyumba yao. Akasema: "Sisi tulijenga kwa matumbawe na chokaa. Hawa walijenga kwa mikono na akili tu, wala mawe hayakuondoka." Kisha akawakumbusha vijana kuwa babu zetu wa pwani hawakuwa wageni kabisa na bara hili la kusini. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, na Kilwa ilitajirika kwa dhahabu hiyo karne kadhaa kabla kuta hizi hazijajengwa. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Sarafu ilitembea, kwa nini miguu isitembee?

Hapo ndipo rafiki yangu Mtswana alipofanya jambo ambalo sijalisahau. Alivua kofia, akasimama penye mwanya uliokuwa mlango wa ua, akanena maneno kwa lugha yake kwa sauti ya chini. Alipomaliza alitueleza kuwa yeye ni Mkwena, na kwamba Kweneng maana yake ni mahali pa Bakwena, watu ambao mnyama wao wa heshima ni mamba. Alikuwa ametaja sifa za ukoo wake, kama inavyompasa mtu anayebisha hodi kwa wakubwa zake. Kisha akawageukia vijana wetu akawauliza kwa adabu: "Nanyi je? Ninyi ni watu wa nani?"

Ndugu zangu, vijana sita, wote wamesoma, wengine wana digrii. Wa kwanza alijibu: "Sisi ni Watanzania." Wa pili akasema: "Mimi nimezaliwa hapa hapa, Johannesburg." Wa tatu akataja jina la babu yake, akakwama. Wote wakamgeukia ami. Naye akajibu kwa niaba yao, akataja majina matatu au manne, akanyamaza kwa kuwa alikuwa akihema. Mimi nilitazama chini, kwa sababu hata mimi, niliyejiita kiongozi, nisingefika jina la tano.

Tulipanda kilele. Hakikuwa Toringkop, kilikuwa kilima ambacho katika ramani yetu hakikuandikwa jina. Tulifika saa 8 mchana, maji yakiwa yamebaki chupa mbili kwa watu tisa. Kutoka juu tuliiona nchi yote ya manjano imelala chini yetu, na upande wa kaskazini ukungu wa moshi wa jiji hili. Tulikula chapati zilizokuwa zimekauka kama kauri, na hakuna aliyelalamika.

Sasa nakiri kosa la pili. Hifadhi ile ina njia zilizowekwa alama. Kwa kuwa tulikuwa tumechelewa, mimi nilishauri tuiache njia tukate moja kwa moja kuelekea bondeni. Rafiki yangu alinionya, nikampuuza. Nyasi ndefu zilikuwa zimefunika mawe yasiyotulia. Tulipofika karibu na magofu mengine, jiwe likateleza chini ya mguu wa ami, naye akaanguka kwa ubavu. Kifundo cha mguu kikavimba palepale. Ilikuwa saa 9 na nusu, na mwezi huo jua huzama saa 11 na nusu.

Rafiki yangu aliwachukua vijana wawili wakaenda upesi kutafuta askari wa hifadhi. Wengine niliwatuma wakae penye njia ili waonekane. Nikabaki na ami, tumeegemea ukuta wa zizi la watu wa kale kuukinga upepo. Nilimvika koti langu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na kwa muda hakusema neno. Katika kimya hicho nilipatwa na fikira iliyoniogopesha kuliko giza: kwamba mzee huyu akinyamaza moja kwa moja, nasi tutakuwa kama ua huu. Watu watatuona tumesimama, watahesabu kaya zetu za London na Maskati na Fordsburg, lakini hakuna atakayejua tulikuwa watu wa nani.

Nikamwambia: "Ami, nitajie." Akaelewa. Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya ramani. Alitaja mmoja mmoja, na kila jina na habari yake: aliyekuwa nahodha, aliyekufa kwa ndui, aliyehamia Kilwa Kivinje, aliyeijenga ile nyumba yetu ambayo imekwisha kuanguka. Alifika jina la saba, fundi wa majahazi. Nikamuuliza: "Mkewe je?" Akasema: "Mkewe aliletwa kwa jahazi kutoka Pate. Ndiye mama yetu sote. Jina lake…" Akanyamaza. Akafumba macho. Akasema: "Marehemu mama alikuwa akilitaja kila mwezi wa Ramadhani. Lilikuwa mdomoni mwangu." Halikuja. Mpaka leo halijaja.

Askari wa hifadhi walifika na gari hadi pale gari lilipoweza kufika, na vijana wakambeba ami kwa zamu sehemu iliyobaki. Tulitoka giza likiingia. Kifundo kilikuwa kimeteguka, hakikuvunjika. Mhusika mwenyewe amekaa hapa mbele na fimbo yake, na namwona anacheka.

Ndugu Mwenyekiti, wako watakaouliza: majina ya wafu yana faida gani kwa mtu anayetafuta kodi ya nyumba? Nawajibu kwa mfano wa mji wetu wenyewe. Wareno waliiteka na kuipora Kilwa mwaka 1505. Kuta zilibomoka, biashara ikafa. Lakini masultani wa Kilwa tunawajua kwa majina hadi leo, kwa sababu mtu mmoja aliketi akaandika habari zao. Mreno João de Barros aliichapisha habari hiyo katika kitabu chake mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu imehifadhiwa Uingereza. Bakwena nao hawakuandika, lakini kila mtoto alifundishwa kuzitaja sifa za ukoo wake hata akaweza kuzitaja mbele ya wageni. Wao walikariri, wale waliandika. Sisi tulio ugenini hatukariri wala hatuandiki. Tunamtegemea mzee mmoja, na mzee huyo nilimpandisha mlimani bila maji ya kutosha.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa wapenda milima: nendeni Suikerbosrand, kuta zile zinastahili kuonwa. Lakini ondokeni mapema, kila mtu na lita zake mbili za maji, msiache njia, na msiondoe hata jiwe moja katika kuta zile. Mkiona saa 7 imefika nanyi hamjafika kileleni, rudini, kilele hakihami.

La pili: kila nyumba, kabla ya mkutano ujao, iandike majina inayoyajua, ya akina baba na ya akina mama pia, maana nimegundua kuwa akina mama ndio tunaowasahau kwanza. Nilichoandika nyuma ya ramani kimechapishwa katika kijitabu hiki. Pale palipokosekana jina tumeacha mstari mtupu.

La tatu ni swali. Labda yuko mtu humu ukumbini, labda bibi mmoja kutoka Mombasa au Maskati, aliyemsikia nyanya yake akilitaja jina la yule mwanamke wa Pate, mke wa fundi wa majahazi. Kama yupo, namwomba asingoje hotuba ziishe. Ami ana kalamu mkononi.