Kwa Nini Mwaka Huu Tunachangia Vifaa vya Kranki

(Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa wanachama kabla ya harambee)



Mmezoea kutuona tukisimama hapa kuomba mabati, saruji na madawati. Mwaka huu tunaomba presi ya haidroliki, saa za kupimia na nyundo za shaba. Tunajua wapo waliosoma kadi ya mwaliko wakauliza kama Kamati ya Fedha imefungua gereji. Hatujafungua. Ila tumepiga hesabu, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla hamjafunga pochi.

Tuanze na vijana wetu. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria, bodaboda imekuwa ajira ya kwanza ya kijana anayeshuka kutoka Chome, Suji, Mbaga au Mamba. Anafika Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, anapokewa na ndugu, anapata nafasi kijiweni, kisha anatafuta tajiri wa kumpa pikipiki ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu, na mkataba ukiisha anakabidhiwa kadi. Hapo ndipo anapoanza kujenga, kuoa na kusomesha wadogo zake.

Kinachomkwamisha wengi tunakifahamu. Trafiki yumo, ajali zimo, lakini kipo kingine kisichosemwa sana: injini kuanza kugonga kabla mkataba haujaisha. Tuchukue mfano wa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku. Injini ikilala siku kumi, kijana ana deni la 100,000 ambalo hakulifanyia kazi, na siku hizo kumi yeye mwenyewe hajala. Akitengenezewa vibaya, baada ya miezi miwili injini inagonga tena. Mara ya pili au ya tatu tajiri anachukua pikipiki yake, na fedha yote iliyokwisha kupelekwa inapotea kama maji ya mfereji uliobomoka. Mzee kule mlimani anaambiwa tu kwamba mambo yamekuwa magumu mjini.

Sasa ni nini hasa kinachogonga? Ndani ya injini kuna chuma kinachoitwa krankishafti, mafundi wanaita kranki. Pistoni inapanda na kushuka, na kranki ndiyo inayogeuza kupanda na kushuka huko kuwa mzunguko unaofika kwenye tairi. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kranki inazunguka mara 100 katika kila sekunde moja. Katikati yake kuna konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, na chini ya konrodi kuna beringi ya vijiti vidogo vinavyozunguka juu ya pini. Yote hayo yanaishi kwa oili. Pikipiki ndogo inabeba oili ya lita moja hivi. Ikipungua, au ikikaa mpaka ikawa nyeusi kama lami, beringi na pini ndizo zinazoumia mapema. Mzigo ukizidi, tuseme abiria wawili na gunia la tangawizi kupanda mlima, zinaumia zaidi. Mlio wa kugonga unaanza hapo. Ukiachwa, siku moja beringi inakata au inashika, na tairi la nyuma linaweza kufunga ghafla. Tafakarini hilo likitokea kwenye Barabara ya Kilwa, nyuma yako kuna lori la mzigo.

Habari njema ni kwamba kranki ya pikipiki hizi haijatengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma. Ni magurudumu mawili mazito yaliyounganishwa na pini moja katikati. Hakuna nati wala skrubu. Pini ni nene kidogo sana kuliko tundu lake, ikashindiliwa kwa nguvu, na ubano huo ndio unaoishika. Maana yake inaweza kutenganishwa, ikawekewa pini, beringi na konrodi mpya, ikaunganishwa tena na kurudi kazini. Magurudumu yenyewe yakiwa mazima, hakuna sababu ya kutupa kranki nzima.

Tatizo ni namna ya kuitenganisha na kuiunganisha. Fundi wetu wa kijiweni ana spana, bisibisi, nyundo na kipande cha reli. Anaweka kranki juu ya chuma anagonga mpaka pini itoke. Inatoka, lakini ncha za mhimili zimepondeka na tundu limejeruhiwa. Wakati wa kurudisha anagonga tena, na magurudumu mawili hayakai tena kwenye mstari mmoja. Kwa macho yanaonekana sawa. Vitabu vingi vya watengenezaji wa injini ndogo vinataka kuyumba kwa kranki kusizidi sehemu chache za mia za milimita, chini ya unene wa unywele wa kichwani. Hakuna jicho la fundi, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini, linaloweza kuona hapo. Kranki ikiyumba, injini inatetemeka, beringi za pembeni zinakufa, oili sili inavuja, na baada ya wiki chache kijana yuko kwa fundi yuleyule. Fundi huyo si mwizi wala mjinga. Hana vifaa.

Vifaa tunavyovisema ni hivi. Kwanza presi ya haidroliki ya tani 20, fremu ya chuma yenye jeki, inayosukuma pini taratibu na kwa unyoofu badala ya kuigonga. Pili, sahani nene za kupitisha katikati ya magurudumu ili presi ipate mahali pa kushikia, pamoja na pini za kusukumia. Hizi mkereza mzuri anatuchongea hapa hapa mjini. Tatu, stendi ya kuzungushia kranki ikiwa imeshikwa ncha zote mbili, na saa ya kupimia, dayo geji, ambayo kila mstari wake ni sehemu moja ya mia ya milimita. Fundi anazungusha kwa mkono, anatazama mshale, anatafuta mahali palipopanda, anaweka alama kwa chaki, kisha anapiga mara moja kwa nyundo ya shaba, ambayo haiumizi chuma, na kupima tena. Magurudumu yakiwa yamebanana upande mmoja anatumia kabari; yakiwa yametanuka anayabana kwa jiliwa. Nne, pula za magneti, klachi na beringi, na kifaa cha kufungulia kasha la injini bila kulipasua kwa bisibisi. Tano, maikromita, venia na filigeji za kupimia pini na nafasi ya konrodi.

Ndugu zetu, hakuna fundi mmoja wa kijiweni anayeweza kununua vyote hivi, na hata akiweza, kranki za kijiwe chake peke yake hazitoshi kuvirudishia fedha. Ndiyo maana jambo hili ni la umoja. Wazee wetu walichimba ndiva kwa msaragambo kwa sababu hakuna kaya moja iliyoweza kuhifadhi maji ya mto peke yake, kisha wakagawana maji kwa zamu. Sisi tunaomba ndiva ya chuma.

Haya, bajeti. Makadirio yetu ni haya: presi 1,400,000, sahani na pini za kusukumia 350,000, stendi na saa mbili za kupimia 750,000, pula na kifungulio cha kasha 500,000, nyundo za shaba, kabari na vipimo vya mkono 400,000, meza, jiliwa na kabati la kufuli 600,000. Hapo ni shilingi 4,000,000. Ongezeni mafunzo ya vijana sita 1,200,000 na akiba ya kuanzia ya konrodi, pini na beringi 800,000. Jumla ni shilingi 6,000,000.

Baadhi ya wanachama wametuambia: kwa fedha hiyo si bora tununue pikipiki mbili tuwape vijana wawili? Tumelipima wazo hilo kwa heshima. Pikipiki mbili zinasaidia vijana wawili, na uchakavu unaanza siku zinapotoka dukani. Baada ya miaka mitatu ya kubeba abiria, kwenye daftari letu la mali zitabaki namba za usajili na vyuma. Presi haitembei barabarani, haikamatwi na haipati ajali. Ikipakwa grisi na kubadilishwa sili za jeki, itafanya kazi miaka mingi, kwa mamia ya vijana ambao majina yao hatuyajui bado.

Wengine wameuliza swali gumu zaidi: fedha ya nyumbani inakaaje Temeke? Kwa nini vifaa visipelekwe Same moja kwa moja? Jibu letu ni la kihasibu. Vifaa hivi vinajilipa pale palipo na kranki nyingi, na kwa sasa kranki nyingi ziko Mbagala na Tandika. Tukitoza 25,000 kwa kazi ya kuunganisha na kunyoosha, bila spea, na tukipata kranki tano kwa wiki kwa wiki 48, mapato ni 6,000,000 kwa mwaka. Asilimia 40 ni ya fundi, asilimia 20 ni kodi na matengenezo, na asilimia 40, yaani 2,400,000, inaingia mfuko wa nyumbani. Kwa mwendo huo, baada ya miezi 20 mfuko una 4,000,000 za kununua seti ya pili, na hiyo itafungwa Same mjini. Hatuwaahidi kranki tano. Zikiwa tatu tu kwa wiki, itachukua miezi 34. Hata hivyo ni seti mbili kwa mchango mmoja.

Na kabla seti ya pili haijafika, nyumbani hakutasahauliwa. Kranki ina uzito wa kilo chache, inaingia kwenye mfuko. Fundi wa Mwembe au Gonja akishaitoa kwenye injini anaweza kuipakia kwenye basi la jioni ikapokewa hapa na kurudi ikiwa imenyooka. Hali kadhalika ndugu zetu wa Kinondoni, mlio Tegeta na Bunju, hamtalazimika kuvuka jiji na pikipiki mbovu. Leteni kranki tu.

Kuhusu vijana sita wa kwanza, tunapendekeza wawe mafundi ambao tayari wanafanya kazi hii kwa mikono, si watu wa kuanza moja. Tunataka pia wapitie utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na chuo cha Chang'ombe kiko Temeke hapo hapo. Kijana mwenye cheti na mwenye uwezo wa kusoma dayo geji hataomba kazi kwa kupiga magoti.

Masharti tuliyoyaweka ni machache lakini hatutayalegeza. Kila kranki itaandikwa kwenye daftari: tarehe, aina ya pikipiki, kipimo kabla na kipimo baada. Hakuna kazi bila stakabadhi. Saa za kupimia hazitoki nje ya karakana, hata kwa mjomba wa mwenyekiti. Na kranki ambayo tundu lake limeshalegea itakataliwa. Tunajua wako wanaoficha ulegevu huo kwa kuchomelea pini. Sisi tutamwambia mteja ukweli, anunue nyingine, kwa sababu atakayebebwa juu ya injini hiyo ni mtoto wa mtu. Mahesabu yatasomwa mbele yenu kila robo mwaka na kukaguliwa na mwanachama asiye wa kamati hii.

Tunaloomba leo ni kaya 60, kila moja shilingi 100,000. Anayeweza kutoa zaidi ambebe asiyeweza. Mwenye 10,000 aje nayo bila aibu, itaandikwa kwa wino uleule. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na ahadi zote zikamilishwe ndani ya siku 90 ili tununue vifaa vyote kwa pamoja, maana presi bila saa ya kupimia ni nyundo kubwa tu.

Vijana wetu hawajatuomba sadaka. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanalala saa tano usiku, na hesabu wanapeleka. Wanachohitaji ni injini inayodumu mpaka siku ya kukabidhiwa kadi. Hilo liko ndani ya uwezo wetu, na tunaomba tulimalize leo.