Misaada ya Nje, Njia za Panya na Maendeleo ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Misaada ya kigeni inayotolewa kwa Kenya ili kupambana na ulanguzi wa dawa za kulevya imeelekezwa baharini zaidi kuliko nchi kavu, na sababu yake inaeleweka. Heroini ya Afghanistan hupakiwa kwenye majahazi katika ufuo wa Makran, ulioko Iran na Pakistan, ikaletwa karibu na pwani ya Afrika Mashariki na kutafutiwa njia ya kwenda Ulaya na kwingineko, kwa hiyo mataifa ambayo ingeishia mitaani mwao huona faida ya kuizuia mapema. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini nje ya pwani ya Kenya. Nao ndugu wawili wa ukoo wa Akasha wa Mombasa, waliopelekwa Marekani Januari 2017, walihukumiwa New York vifungo vya miaka 25 na 23 kwa ulanguzi wa dawa za kulevya. Hayo ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo, msaada unaopimwa kwa uzito wa shehena iliyokamatwa humsaidia kwanza aliyeutoa, na makala haya yanashikilia kwamba Garissa, Wajir na Mandera zinahitaji kipimo kingine.

Katika kaunti hizo tatu tatizo lina sura nyingine. Bangi ya Ethiopia huingia nchini kupitia Moyale na mianya mingine ya kaskazini, na mpaka wa Kenya na Somalia, wenye urefu wa karibu kilomita 700, umejaa njia za panya, yaani vijia vya porini visivyo na afisa wa forodha wala polisi, ambavyo kwa miaka mingi vimepitisha sukari ya magendo kutoka Kismayo. (Miraa isichanganywe na hayo, kwani ni zao halali nchini Kenya, ingawa madhara yake kwa familia yanastahili mjadala wake.) Serikali ilitangaza Mei 2023 kwamba vituo vya mpakani, vilivyokuwa vimefungwa kwa zaidi ya muongo mmoja, vingefunguliwa kwa awamu, lakini Julai mwaka huohuo mpango huo ukaahirishwa kutokana na mashambulizi. Hofu ya usalama ina msingi, kwa kuwa mji uliopoteza watu 148 katika shambulio la kigaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 hauwezi kuambiwa usahau usalama. Lakini mpaka uliofungwa humuumiza mchuuzi wa ng'ombe anayetaka cheti cha daktari wa mifugo na risiti ya ushuru ili auze katika soko la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika eneo hili la Afrika, ilhali mlanguzi hahitaji ofisi yoyote iwe wazi.

Kwa upande wa maendeleo, fedha hazikukosekana kabisa. Benki ya Dunia imegharimia miradi ya maji, umeme na riziki katika kaunti za kaskazini, ukiwemo ule wa kuzisaidia jamii zinazopakana na kambi za wakimbizi za Dadaab, pamoja na ujenzi wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera. Kasoro ni kwamba mfuko wa usalama na mfuko wa maendeleo husimamiwa na watu tofauti, wenye ripoti tofauti. Barabara itamfikisha mfugaji sokoni haraka, na itamfikisha mlanguzi haraka vilevile, iwapo haitajengwa pamoja na vituo vya forodha na kliniki za mifugo, na iwapo kijana wa Wajir hatapata kazi inayolipa kuliko kubeba mzigo wa usiku. Tiba nayo imepuuzwa: kliniki za methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waachane nayo, zilianzia Nairobi na Pwani, na hazimfai kijana wa Garissa aliyezoea bangi au vidonge.

Kuegemea misaada peke yake kulidhihirika kuwa hatari mwaka 2025, Marekani ilipositisha misaada yake na kulivunja shirika la USAID. Tena, unyonge wa eneo hili haukuanzia nje, kwani Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, ukaiacha Kaskazini nyuma. Ibara ya 204 ya Katiba ya 2010 iliunda Mfuko wa Usawazishaji, unaotengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, lakini fedha hizo zimecheleweshwa kwa miaka mingi, na muda wa mfuko wenyewe unafikia ukomo 2030 usiporefushwa na Bunge. Wabunge na magavana wa kaunti hizi tatu wanapaswa kudai fedha hizo zitolewe sasa, na kumtaka kila mfadhili wa usalama atenge sehemu ya msaada wake kwa ajili ya tiba, soko la mifugo na ajira.