Kanisa la Rubona na Watu Wake
Maneno kwa vijana wanaojiandaa kwa kazi ya upadri na uchungaji

  

Kamati imeombwa iwaelezee kanisa la Rubona na jamii yake, kwa kuwa baadhi yenu huenda mkatumwa kufanya kazi pande zile. Pengine kuna anayejiuliza kamati ya wakimbizi wa Kiziba inahusikaje na Rubona. Jibu ni fupi. Wengi wetu tulitoka Masisi tukaingia Rwanda kwa mlango wa Gisenyi katika miaka ya 1995 na 1996, kabla ya kuletwa huku mlimani Desemba 1996. Watu wa kwanza kusali pamoja nasi tulipokuwa hatuna hata sufuria walikuwa watu wa mwambao ule. Kwa hiyo tunayosema ni ya watu tunaowajua.

Juu ya jengo hatutasema mengi. Jengo mtaliona wenyewe, na katika nchi hii tumejifunza kutotegemea sana majengo. Tutawaambia juu ya watu.

Rubona iko kusini ya mji wa Gisenyi, katika sekta ya Nyamyumba, wilaya inayoitwa sasa Rubavu. Ni rasi inayoingia katika Ziwa Kivu, yenye vilima vya kahawa na migomba mgongoni na mitumbwi miguuni. Hapo jirani kiko kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa 1957. Karibu na kiwanda kuna chemchemi za maji moto, ambako watu huja kuoga na kukandwa viungo vinavyouma, na wengine hupika humo mihogo na viazi. Tangu 1963 gesi ya methani ilivutwa kutoka chini ya ziwa hapo Rubona kwenda kuchemsha mitambo ya kiwanda hicho. Basi mtumishi atakayefika huko atakuta mahali ambapo ardhi ina moto, maji yana gesi, na watu wamezoea kuishi juu ya vyote viwili bila kelele.

Sasa sikilizeni habari ya usiku, maana hapo ndipo wageni wengi hupotea.

Mvuvi wa Rubona hulala mchana. Jioni jua linapoelekea kuzama upande wa Kongo, mitumbwi huondoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na mirija ya kushikia wavu imetokeza mbele na nyuma kama pembe. Wanapiga makasia wakiimba, mmoja anaanza na wengine wanaitikia, na ukiwa juu ya kilima unausikia wimbo hata baada ya mitumbwi kupotea machoni. Huko katikati wanawasha taa, na samaki wadogo waitwao sambaza hupanda kufuata mwanga. Samaki hao si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo ndio chakula na ada ya shule ya familia nyingi. Asubuhi mitumbwi inarudi, akina mama wanangoja na ndoo, na bei inapangwa hapo hapo kabla samaki hawajalainika kwa jua.

Fikirini basi kengele ya misa ya alfajiri. Inapolia, mwanamume yuko majini na mkewe yuko ufukweni na ndoo. Mtumishi mgeni huangalia viti vitupu akasema watu hawa imani yao ni baridi. Si baridi. Wako kazini.

Lakini kuna mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi haina nguvu, kwa sababu mwanga umejaa ziwa zima na samaki hawakusanyiki. Siku hizo za mwezi mpevu wanaume wengi wako nyumbani, wanashona nyavu na kuziba nyufa za mitumbwi. Hizo ndizo siku za mafundisho ya ndoa, za kupatanisha waliogombana, za kuwatayarisha wazazi kwa ubatizo wa watoto. Tena kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa miezi miwili ili samaki wazaane. Miezi hiyo nafasi ipo tele, ila mfuko ni mtupu. Ukipanga mchango wa ujenzi wakati huo utawaaibisha watu bure. Kalenda ya liturujia mtafundishwa shuleni. Hii nyingine lazima mwiombe kwa wazee wa mitumbwi.

Na ziwa huchukua watu. Upepo hugeuka usiku, mtumbwi hupinduka. Wakati mwingine mwili hauonekani siku nyingi, wakati mwingine hauonekani kabisa. Jifunzeni mapema namna ya kukaa na mama ambaye hana kaburi la kwenda. Sisi wengine tunaijua hali hiyo kwa njia nyingine, tulioacha watu wetu bila maziko vilimani Masisi.

Kuhusu kiwanda cha bia, neno moja tu. Msifike na hotuba kali juu ya pombe Jumapili ya kwanza. Ulevi upo na unabomoa nyumba, hilo tunakubali. Lakini mkumbuke kwamba sehemu ya sadaka mtakayohesabu imetoka katika mshahara wa kiwanda hicho hicho. Mkitaka kusema na mlevi, mwendeeni nyumbani kwake.

Akina mama wa Rubona ndio mhimili wa kanisa. Wanauza sambaza, mboga na kahawa, na wengi wamezoea kwenda Goma kwa mpaka mdogo na kurudi jioni. Wanasema Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni, na Kiswahili hicho kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ingawa wao hawakusubiri sheria. Mpaka unapofungwa, kama wakati wa korona mwaka 2020, njaa huingia nyumbani siku ile ile. Wana vikundi vya kuweka pesa, ikimina, na mara nyingi kikundi cha ikimina na cha sala ni watu wale wale. Mtumishi asitafute kukishika kikundi hicho. Asalimie, akae, asikilize. Siku wakigombana watamwita.

Sasa tupande kidogo kutoka ziwani, kwa kuwa huwezi kulielewa kanisa la mwambao bila kujua Nyundo.

Mto Sebeya unatoka milimani, unapita Nyundo, unashuka mpaka Ziwa Kivu kusini ya Gisenyi. Misioni ya Nyundo ilifunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1901, mara baada ya Save na Zaza za mwaka 1900, na wakati ule Kiswahili ndicho kilichosaidia mageni na wenyeji kuelewana. Mwaka 1952 Nyundo ikapewa askofu wake, Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu. Ikawa jimbo kamili mwaka 1959. Askofu yule alikusanya methali na desturi za nchi yake akaziandika vitabuni. Aliona kwamba huwezi kuhubiria watu ambao hujawasikiliza. Wakatoliki wa Rubona ni wa jimbo hilo. Wenzetu Waprotestanti wana mpango wao, lakini watu ni wale wale na mazishi huzikana pamoja.

Vijana, jimbo hili lina jeraha, na asiyelijua asiende.

Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia Nyundo, katika seminari na kanisa kuu, wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haitavunjwa. Waliuawa humo. Mapadre wengi wa jimbo waliuawa. Mbali kidogo, katika parokia ya Nyange iliyokuwa ya jimbo lilo hilo, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliojificha ndani, na padri aliyekuwa na kazi pale, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha.

Mjini Gisenyi, mwezi ule ule, alikuwepo Félicité Niyitegeka. Hakuwa padri wala mtawa mwenye cheo. Alikuwa msaidizi wa utume katika kituo cha Mtakatifu Petro. Alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alimpelekea habari aondoke ajiokoe. Alijibu kwa barua kwamba hatawaacha watu 43 aliokuwa nao. Tarehe 21 Aprili 1994 alipelekwa pamoja nao kwenye makaburi yanayoitwa Commune Rouge, akauawa. Rwanda inamhesabu kati ya mashujaa wake.

Tunawataja hawa wawili pamoja kwa makusudi. Wote wawili walibatizwa, wakafundishwa katekisimu ile ile, wakala Ekaristi ile ile. Mzee wa Rubona akikutazama siku ya kwanza unapopanda altareni, haangalii kanzu yako. Anajiuliza wewe ni yupi. Hatakuuliza kwa mdomo, na wala usimharakishe. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha mwaka 2016, na Baba Mtakatifu Fransisko naye mwaka 2017. Hayo yalikuwa mema. Lakini msamaha ulioombwa Kigali na Roma hauingii wenyewe katika benchi ambapo mjane na mtoto wa aliyemwulia mumewe wanakaa jirani. Hapo panahitaji mtu anayekaa miaka.

Tena mwambao huu haupumziki. Julai 1994 watu mamia ya maelfu walipita Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache. Novemba 1996 mamia ya maelfu wakarudi kwa barabara ile ile. Mwaka 1997 vita vya waasi vilirudi kaskazini magharibi, na ndugu zetu Wakongomani waliokuwa kambi ya Mudende walishambuliwa Agosti na tena Desemba. Waliosalia wakahamishiwa Gihembe, Byumba. Januari 2002 na Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, Goma ikakimbilia huku. Mei 2023 Sebeya ilifurika usiku. Katika mafuriko na maporomoko ya siku zile zaidi ya watu 130 walikufa nchini, na Rubavu ilipigwa vibaya. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na watu wakavuka tena mpaka.

Kila mara ni yale yale: mtu anafika na mtoto mgongoni na anatafuta mlango. Ndugu zetu wa mashirika wanajua kwamba malori ya msaada huchukua siku kadhaa kufika. Siku hizo za katikati anayepika uji ni mkristu wa mtaani na mwislamu jirani yake. Tulipofika sisi, hakuna aliyetuuliza kadi ya ubatizo. Mama mmoja alitupa maharage aliyokuwa amewapikia wanawe. Hatukumjua, wala hatukumwona tena.

Hatutaki kuwapamba watu wa Rubona kupita kiasi. Wanasengenya kama watu wote. Wanagombania mipaka ya mashamba. Kwaya zao zinashindana, na mtumishi aliyesifu kwaya moja tu amejitafutia mwaka mzima wa taabu. Wengine wanamkaribisha mkimbizi vizuri siku tatu, na siku ya nne wanasema ameshusha bei ya kibarua. Haya nayo myajue.

Neno la mwisho linawahusu hasa ninyi mliokulia kambini. Sheria ya mwaka 2018 ya mashirika ya dini inamtaka mhubiri anayesimamia kanisa awe na shahada katika mambo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo. Mwaka 2018, na tena 2024, makanisa maelfu yalifungwa nchini kwa kukosa masharti. Tunaelewa sababu: yalikuwepo majengo ya hatari, na wahubiri wa kujitafutia tumbo. Lakini tunasema wazi mbele ya mashirika kwamba hapa kambini wapo wazee walioongoza sala tangu siku za mahema ya plastiki, waliozika watoto wetu na kutuzuia tusikate tamaa, nao kwa sheria hii hawawezi kusimamia hata kanisa dogo la Rubona. Wao hawalalamiki, wamezeeka. Ninyi ndio mliobaki. Nafasi za masomo ya juu kwa mkimbizi ni chache, tunaomba ziongezwe, na tunaomba masomo ya dini yasihesabiwe kuwa ni anasa.

Anayetaka kwenda kuona, barabara ya lami inafuata ziwa kutoka Karongi kupitia Rutsiro. Ombeni kwanza ruhusa ya kutoka kambini, msije mkaturudishia kesi. Nendeni wakati wa mwezi mpevu, mtawakuta wanaume nyumbani. Mkifika, msianzie kanisani. Shukeni ufukweni asubuhi wakati mitumbwi inarudi, mshike kamba na kusaidia kuvuta.